Mwaka wa tatu Dar bila gari, watoto wawili: tulichoshindwa Kivule na tunachokiweza Magomeni

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Hivi nyie mnawezaje na watoto wadogo bila usafiri?" na jibu lake haliishi kwa dakika mbili.

Tuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka sita, ameanza darasa la kwanza mwezi huu. Mdogo ana mwaka na miezi minane. Akisinzia ni wa mgongoni, akiamka ni wa kufukuzana naye. Gari letu, IST, tuliliuza Novemba 2023. Injini ilianza kula oili, fundi akasema lazima ifumuliwe, na mwezi huohuo ada ilikuwa inadaiwa na mimi nilikuwa na mimba changa ya huyu wa pili. Mume wangu alisema tuliuze, tukijipanga tutanunua jingine. Hatujanunua mpaka leo, na kwa sasa hatuna mpango huo.

Ila nataka niwe mkweli kwenu. Miezi tisa ya kwanza tulishindwa kabisa. Tulikuwa tunaishi Kivule, kwenye nyumba yetu wenyewe tuliyoijenga kwa miaka minne, tofali kwa tofali. Kutoka pale mpaka Kariakoo ninakofanya kazi, ratiba ilikuwa hivi: bajaji kutoka nyumbani hadi barabara ya daladala, daladala ya kwenda Banana, halafu pale Banana kugombania magari yanayotoka Gongo la Mboto, ambayo asubuhi yanafika yameshajaa. Mtoto wa miaka minne mkononi, mimba mbele, mkoba begani. Konda akiona mama mwenye mtoto anaangalia pembeni, kwa sababu kwake mtoto ni mtu anayechukua nafasi na halipi. Ukipanda tu unaambiwa, "Mama mpakate huyo, siti ya mtu hiyo."

Halafu ikaja masika ya 2024. Mliokuwepo Dar mnaijua ile mvua. Bajaji zilikuwa hazifiki kwetu kabisa, barabara ilikuwa tope la kufunika kifundo cha mguu. Mimba ilikuwa imefika miezi minane. Nilikuwa navua viatu, naviweka kwenye mfuko, namshika mtoto mkono, tunatembea pembeni mwa ukuta wa jirani ambako ardhi ilikuwa ngumu kidogo. Tukifika barabarani namwosha miguu kwa maji ya chupa, namfuta na kanga, namvalisha soksi. Kila siku. Mpaka leo akiona dimbwi ananyoosha mguu mmoja juu anasubiri avuliwe kiatu.

Kuna asubuhi moja ya Aprili siwezi kuisahau. Nilifanikiwa kuingia kwenye gari pale Banana, nimesimama, mtoto kabanwa katikati ya miguu ya watu. Mzee mmoja aliyekaa dirishani akanyoosha mikono bila kusema neno, akamchukua mtoto, akampakata juu ya kanzu yake nyeupe, na miguu ya mtoto ilikuwa na tope. Nikaanza kuomba radhi. Akaniambia, "Binti, nguo inafuliwa." Mtoto akalala palepale. Tulipofika Tazara yule mzee alikuwa anashuka. Hakumwamsha. Alimgeukia kijana wa pembeni yake, akamwinua mtoto taratibu kama anayehamisha sufuria lililojaa maji, akampokeza. Kijana naye akamkumbatia mpaka Kariakoo, kichwa cha mtoto begani kwake, na yeye akiwa amevaa sare za kazini. Mimi muda wote nilikuwa nimesimama nimeshika bomba, natokwa na machozi, na mama mmoja akaniuliza kama uchungu umeanza.

Naeleza hili kwa sababu watu wakisema daladala ni ukatili mtupu huwa nakataa. Ukatili upo pale mlangoni. Ndani, ukishafanikiwa kuingia, jiji hili bado linajua kupakata mtoto wa mwenzio.

Lakini huwezi kulea watoto kwa kutegemea huruma ya abiria kila asubuhi. Mdogo alizaliwa Mei. Chanjo ya wiki ya sita nilikwenda, ya wiki ya kumi nilikwenda nikiwa hoi. Niliporudi siku ile nilimwambia mume wangu: tatizo letu si gari, tatizo ni kwamba kila kitu anachohitaji mtoto kipo mbali na mahali anapolala.

Mwisho wa Agosti tukahama. Nyumba yetu tukaipangisha kwa laki moja na nusu, tukaja Magomeni kupanga vyumba viwili na sebule kwa laki tatu na nusu. Tukalipa miezi sita kwa mpigo, nusu ya hela ile ikiwa ni ya gari. Maneno tuliyoyasikia acha tu. Mama mkwe alilia. "Mnaacha nyumba yenu mnakwenda kulipa kodi kwa watu?" Kwake ilikuwa kama tumefukuzwa, na ninamwelewa, kwa sababu kizazi chake nyumba yako ndiyo heshima yako.

Sasa shule ya mkubwa tunatembea dakika kumi na mbili kwa mwendo wake yeye, si wangu. Kituo cha afya dakika kumi. Sokoni naenda nikirudi kazini. Kituo cha mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, kipo karibu, na mpaka Gerezani, kituo cha Kariakoo, ni vituo vichache, hata nikisimama sichoki. Zamani mtoto alikuwa anatoka nami nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, anapanda amelala, anarudi jioni amelala. Sasa anaamka saa kumi na mbili, anakunywa uji wake akiwa ameketi, ananisimulia ndoto.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: gari lilikuwa linakula mafuta ya elfu kumi na tatu mpaka kumi na tano kwa siku, Kivule na kurudi, na foleni ya Barabara ya Nyerere mnaijua. Siku ishirini na nne za kazi inapita laki tatu. Hapo sijaweka bima, maegesho, tairi na fundi. Nyongeza ya kodi tunayolipa baada ya kutoa ile tunayopokea Kivule ni laki mbili.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

#2 Baba wa Bunju

Dada, nimesoma yote na nakuheshimu, ila naomba nipingane nawe. Binti yangu ana pumu. Mwaka juzi alibanwa saa nane usiku, na kama nisingekuwa na gari sijui ningeandika nini hapa leo. Huko kwetu ndani saa nane usiku hakuna bajaji, hakuna boda, na taksi za kuita kwenye simu zinaona ramani zinakataa. Kwangu gari ni dawa. Msiwafanye wenye magari waonekane wanajikweza. Wengine tumelinunua kwa sababu ya usiku mmoja tu.

#3 Mleta uzi

Kaka, pole sana na Mungu amlinde binti. Sikupingi hata kidogo, na kama ningekuwa Bunju na mtoto wa pumu ningekopa ninunue gari. Usiku ndio ulikuwa unanitisha kuliko kitu chochote na bado unanitisha.

Sisi tulifanya hivi. Wiki ya kwanza tulipohamia, mume wangu alikwenda kijiwe cha bajaji mtaani, akakaa nao jioni nzima, akatoka na namba za madereva watatu wanaolala palepale mtaani. Tumeziandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa jikoni, ili hata dada wa kazi azione, simu yangu ikiwa imezima chaji. Hao watatu tunawapa kazi za mchana makusudi, hata pale ambapo ningeweza kutembea, ili tujuane. Mdogo alipopata homa kali Machi mwaka jana, saa tisa usiku, wa kwanza hakupokea, wa pili alifika kabla sijamaliza kumfunga mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa msuli na koti la mvua. Alikaa nje ya wodi mpaka alfajiri, na hakutaka hela ya kusubiri.

Ni kweli hilo linawezekana kwa sababu hospitali ipo karibu. Ndiyo maana narudi palepale.

#4 Bodaboda wa Sinza

Mimi naendesha boda mwaka wa saba sasa. Naomba niseme kitu wazazi msikie kutoka kwa dereva mwenyewe. Kuna akina mama wanatupigia simu asubuhi tuwabebee watoto watatu wa shule kwa safari moja. Mshikaki. Mmoja mbele kwenye tenki, wawili nyuma, na mabegi. Ukikataa anamwita mwingine. Kofia ninayo moja ya abiria, na ni ya mtu mzima, ukimvalisha mtoto wa miaka mitano inazunguka kichwani kama ndoo. Yule wa mbele kwenye tenki, nikifunga breki ghafla, wa kwanza kuruka ni yeye. Hana pa kushika.

Mimi nina mtoto wa miaka minne na simbebi kwenye pikipiki yangu mwenyewe. Nampeleka kwa miguu halafu narudi kuchukua chombo. Mjue hivyo.

#5 Mleta uzi

Asante sana kaka. Hii ndiyo sheria pekee isiyojadiliwa nyumbani kwetu: watoto hawapandi boda. Hata mvua, hata tumechelewa, hata bibi yao anasubiri. Mimi napanda peke yangu. Nimepitwa na harusi moja kwa sababu hiyo na sijutii.

#6 Mama Tabata

Nina swali la vitendo. Mimi nina mapacha wa miezi kumi. Kigari cha kusukuma watoto tulizawadiwa, kizuri sana, kipo stoo. Nilijaribu mara moja kukisukuma kwenda kliniki. Mita hamsini mchanga, kisha mtaro usio na mfuniko, kisha gari limeegeshwa juu ya njia ya miguu, nikarudi. Wewe unabebaje?

#7 Mleta uzi

Mama mapacha, hongera na pole kwa pamoja!

Kigari hapa sahau, labda ndani ya uwanja. Mimi ni kanga mbili daima. Moja ya mbeleko, ya pamba nzito iliyofuliwa mara nyingi, kwa sababu kanga mpya ina wanga inateleza na fundo halikazi. Ya pili ya kumfunika, kumfuta, kutandika, kuzuia jua. Mdogo alipofika kilo kumi nilianza kuumwa kiuno. Mama yangu akanionyesha kwamba nilikuwa namfunga chini mno. Anatakiwa akae juu, kifua chake kwenye mgongo wangu wa juu, magoti yapande, na fundo lipite juu ya matiti lisibane tumbo. Tofauti ilikuwa kubwa siku ileile.

Kwa mapacha peke yako sioni namna. Mmoja mgongoni, mmoja mbele, inawezekana kwa mwendo wa kwenda kwa jirani, si kupanda gari. Mtafute dada au mama mdogo siku ya kliniki. Kama hakuna, bajaji ya kukodi kwenda na kurudi siku hiyo, na usijihesabie kuwa umeshindwa.

#8 Mwalimu wa msingi

Nafundisha shule ya msingi ya serikali iliyo kando ya barabara kubwa. Watoto wetu wengi hawajawahi kuwa na swali la gari, wanatembea tangu darasa la awali, wengine kilomita tatu. Kwa hiyo mada hii ni ya wengi kuliko inavyoonekana. Nikiwa zamu ya asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kusimama pale zebra, kwa sababu zebra peke yake haimsimamishi mtu. Tuta ndilo linalosimamisha.

Nimeona shule ambazo zilifanyiwa marekebisho na shirika la usalama barabarani la Amend hapa Dar: matuta, njia ya miguu iliyotenganishwa na barabara, geti la shule kuhamishwa lisitokee moja kwa moja kwenye magari. Vitu vya saruji na rangi tu. Mradi huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, na mpaka leo nasikitika kwamba shule nyingi bado zina geti linalofunguka barabarani.

Mleta uzi, mtoto wako anavuka barabara gani?

#9 Mleta uzi

Mwalimu, ninavyokushukuru! Shikamoo kwa kusimama hapo kila asubuhi.

Kwenda shule havuki barabara kubwa, na hilo lilikuwa sharti langu namba moja wakati tunatafuta nyumba. Dalali alituonyesha nyumba nzuri zaidi na ya bei nafuu upande wa pili wa Morogoro Road, nikakataa hata kuingia ndani.

Lakini kwenda kwa shangazi yake lazima tuvuke Morogoro Road, kwa hiyo nimemfundisha. Wengi tulifundishwa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, vuka. Tangu mwendokasi ianze 2016, hiyo haitoshi. Pale unavuka barabara tatu ndani ya moja. Kwanza magari ya kawaida yanatoka kulia. Kisha katikati kuna njia za mabasi, na basi linaweza kutoka upande wowote, na linakuja kwa kasi bila foleni ya kulipunguza. Kisha tena magari ya kawaida, sasa yanatoka kushoto. Tunasimama kila sehemu, tunaanza upya kama vile hatujavuka kitu. Yeye ndiye anayetoa amri, mimi natii. Akisema "bado" nasimama, hata kama naona barabara ni nyeupe. Boda zinazopita njia ya mabasi kinyume cha sheria ndizo zinazoniogopesha, kwa sababu huwezi kumfundisha mtoto kutarajia kitu kisichotakiwa kuwepo.

#10 Mkazi wa Kigamboni

Kwa wenzangu wa kuvuka maji: pale Magogoni usiingie na watoto katikati ya kundi. Geti likifunguliwa watu wanatoka mbio wote kwa mara moja, mtoto mdogo haonekani. Sisi tunakaa nyuma kabisa ukutani, tunaacha kundi liingie, tunaingia mwisho. Kama pantoni imejaa tunasubiri ijayo. Nimeshachelewa kazini mara nyingi kwa sababu hiyo, na bosi wangu amenizoea.

Na nikubaliane na mleta uzi kuhusu kupakata. Kwenye pantoni pia watu wanakushikia mtoto.

#11 Mfanyakazi wa Kimara

Mwendokasi asubuhi kutoka Kimara na mtoto ni mtihani. Milango ikifunguka ni kusukumana tu. Dawa yangu ni kugeuza nalo: napanda kituo cha nyuma basi likiwa linakuja mwisho, napata siti, nageuka nalo. Nalipa nauli ya ziada na napoteza dakika ishirini au zaidi, lakini mtoto anakaa. Kwenye daladala pia tunafanya hivyo hivyo, wa Mbezi mnajua.

Swali langu ni mvua. Maji yakijaa Jangwani njia inafungwa, mabasi hayapiti. Wewe upo Magomeni na kazi Kariakoo, Jangwani ipo katikati kabisa. Siku hiyo unafanyaje na watoto wapo upande huu?

#12 Mleta uzi

Umegusa penyewe. Hilo ndilo doa la mpango wetu na sina jibu zuri. Imeshatokea nikabaki upande wa Kariakoo mpaka saa tatu usiku, maji yamefunga njia, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza la duka, maziwa yanavuja, gauni limelowa mbele, nampigia mume wangu ananiambia mtoto amekataa uji.

Baada ya siku ile tuliweka utaratibu na majirani wawili wa nyumba hii. Anayewahi kufika anachukua watoto wa wote, anawapa chakula, hakuna kuulizana. Mimi nimewalaza watoto watano sebuleni kwangu siku moja ya Novemba. Kivule tulikuwa na ukuta na geti, na majirani tulikuwa tunasalimiana kwa honi. Huku tunatumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia. Wakati mwingine inachosha, sitaki kuficha. Ugomvi wa maji upo. Lakini watoto wangu wana milango mitatu ya kuingia wakitoka shule.

#13 Baba wa Bunju

Dada nimerudi. Nimesoma kuhusu yule mzee wa kanzu nikamsomea na mke wangu. Gari siuzi, nimeshasema sababu. Ila tumeanza kuzungumza habari ya kuhamia karibu na hospitali, tuache nyumba tuipangishe kama nyie. Kuna sehemu Mwananyamala tumeambiwa. Nikienda kuangalia, niangalie nini? Dalali ananionyesha vigae na dari tu.

#14 Mleta uzi

Kaka nimefurahi mno. Vigae viache.

Nenda Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na umchukue binti. Usiende na gari. Anzia mlangoni kwa hiyo nyumba, tembea naye mpaka shule unayoifikiria, kwa mwendo wake, na hesabu ni mara ngapi unalazimika kumshika mkono. Mara mbili tatu ni sawa. Kama hukumwachia mkono njia nzima, rudi kwa dalali umwambie akutafutie nyingine. Kwa mtoto wa pumu angalia pia vumbi la barabara na kama kuna jirani anayechoma taka, na uulize usiku hospitali ni mlango gani unaokuwa wazi, si mlango wa mchana.

Kisha kaa kijiweni na madereva wa bajaji, unywe nao chai. Waulize wangapi wanalala mtaa huohuo. Na kama unaweza kusubiri, rudi mara ya pili siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha, uone maji yanasimama wapi. Dalali atakuharakisha, atasema kuna mtu mwingine anakuja na hela. Mwambie akachukue hela ya huyo mtu.